Mchaga Wangu na Farasi wa Korintho

Tulikutana kwenye ndizi. Nilikuwa nimeingia duka moja la Wembley kutafuta mihogo, nikamkuta mzee mmoja wa koti la suti na kofia ya sufu anabonyeza ndizi mbichi moja baada ya nyingine, huku akimweleza muuzaji, kwa Kiingereza cha watu waliozeekea ofisini, kwamba ndizi hizi zimeshaanza kulainika na kwa hiyo bei ishuke. Lafudhi ya Kilimanjaro haikujificha. Sikumjua hata kidogo. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Mchaga, hata Ulaya hujaacha ugomvi na ndizi?"

Hakugeuka. Aliendelea kubonyeza, akajibu, "Na wewe Mpare, umeshaniandikia samansi?"

Alikuwa hajaniona hata uso. Alijua tu kwamba Mtanzania anayemrukia Mchaga asiyemfahamu, mbele za watu, bila hata shikamoo, hawezi kuwa mwingine. Wapare na Wachaga ni watani. Tumesemana tangu babu zetu wakitazamana kutoka mlima hadi mlima, wao tukiwaita wapenda hela, sisi wakituita wabahili tunaouza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mtani hana haja ya kukujua jina ndipo akuseme. Nilitoka dukani nimesahau mihogo. Pale kituo cha basi nilikuwa nacheka peke yangu, nikagundua kwamba ilikuwa miaka hakuna aliyenitukana kwa mapenzi.

Naomba nieleweke. Shida yangu haikuwa uhaba wa watu, maana London imejaa watu. Pale Edmonton ninapokaa, chumba changu kimebanwa na vyumba vingine kila upande, na kwenye ghala ninakofanya kazi tunapakia mizigo mabega yakigusana. Lakini wote hao walikuwa wananiheshimu tu. "You alright?" asubuhi, "See you" jioni, basi. Mke nilikuwa naye nyumbani. Alichoka kunisubiri, na simlaumu. Watoto wangu ni watu wazima, wananipigia Jumapili, wananiamkia na kuniuliza kama kuna baridi. Kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, akina mama wa Kikenya wananipakulia chai na kuniita mzee. Katika jiji lile lote hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye haki ya kuniambia kwamba mimi ni bahili, na hilo lilikuwa linanikondesha.

Jumamosi iliyofuata alinialika kwake Kenton. Alikuwa mgane, mhasibu mstaafu, na binti yake mmoja aliyezaliwa hapa alikuwa akiishi kusini mwa mto. Tulikula ndizi zile zile. Alipomaliza akaondoa sahani, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kula upya, akaikausha mpaka katikati ya vidole, akatandika kitambaa cheusi mezani na kuleta sanduku la mbao lenye vidroo vyembamba.

"Njoo uone fedha," alisema.

Nikajiambia: huyu Mchaga ameniita kutoka Edmonton, mabasi mawili, aje anionyeshe hela. Kumbe zilikuwa fedha za Wagiriki wa kale. Vipande vidogo vinene, si duara kamili, vingine vimemomonyoka ukingoni, na kila kimoja kina mnyama au mungu juu yake. Ujanani alipelekwa chuo cha theolojia, akafundishwa Kigiriki ili awe mchungaji. Uchungaji ulimshinda, akaingia kwenye hesabu, akaja London, lakini Kigiriki hakikumtoka. Mke wake alipofariki alianza kununua vipande hivi kimoja kimoja, vile vilivyochakaa ambavyo wenye mali hawavitaki. Nilimwambia ni Mchaga peke yake anayeweza kufiwa akajifariji kwa hela. Alicheka hadi akavua miwani.

Hakutaka niziite sarafu. Aliziita fedha, basi. Alisema ukimweleza Mwingereza lazima useme kwanza kama unaongelea madini au pesa, na yeye alikuwa anaongelea vyote viwili kwa pamoja. Dada yangu nilipomwambia kwenye simu kwamba nimepata rafiki mwenye sanduku la fedha za kale, aliniuliza kama ana warithi.

Alinifundisha kushika. Unashika kwa ukingo, vidole viwili, juu ya kitambaa, na huinui mbali na meza. Fedha iliyokaa ardhini miaka elfu mbili na zaidi inaweza kuonekana nzima, alisema, kumbe ndani imekuwa kama biskuti, na ukiiangusha vibaya inapasuka. Mimi mikono yangu ni ya kubeba maboksi. Naye akawa ananitazama vidole mpaka nikamrudishia.

Hivyo ndivyo Jumamosi zangu zilivyopata mwenyewe. Nikiwa ghalani Jumanne nilikuwa natafuta la kumwambia, na likinijia zuri nalirudia kichwani nisilisahau. Alinionyesha kasa mnene wa kisiwa cha Aigina, nikamwambia kwamba huyo ndiye yeye akielekea kulipa bili. Alinionyesha Herakle aliyejifunika ngozi ya simba kichwani, taya za simba zimemziba masikio, kama mtoto aliyevalishwa kofia kubwa siku ya baridi. Alinionyesha msichana wa Sirakusa, Arethusa, pomboo wanamzunguka uso. Mungu wa mto alimtaka, yeye akakimbia, akageuzwa chemchemi, akapita chini ya bahari yote mpaka akaibukia nchi ya watu, na huko ndiko alikobaki. Hapo sikupata la kumtania, naye hakupata. Tulikaa wazee wawili tukimtazama huyo binti, na nje mvua ilikuwa inapiga mapipa ya takataka.

Siku aliyotoa bundi nilimwambia amrudishe. Bundi wa Athene hakutazami upande kama wanyama wengine wa kwenye fedha. Anakukazia macho yote mawili. Kwetu Upareni bundi akitua juu ya paa anafukuzwa kwa kijinga cha moto, na kama ndani kuna mgonjwa, haambiwi. Mchaga alinieleza kwamba kwa Wagiriki huyu alikuwa ndege wa Athena, mungu wa hekima, na kumwona ilikuwa heri. Nikamjibu kwamba ndiyo maana wamekufa wote.

Alichukua jibu hilo akakaa nalo wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshajipanga. Waathene, alisema, waliziita fedha zao bundi. Watu wa Aigina waliziita zao kasa. Wakorintho waliokuwa na farasi mwenye mabawa waliziita wana-farasi. Kila mji na mnyama wake, na kila mji ukiucheka mwingine. Wakorintho walikuwa watu wa biashara; walikaa njia panda, kila mzigo ulipita kwao na kila mzigo waliutoza. Waathene walikuwa wanashinda mahakamani, wakishitakiana kwa kila kitu, mpaka wakaanzisha ujira kwa wanaokaa kusikiliza kesi. Akaegemea kiti.

"Sasa niambie wewe," alisema. "Mchaga ni nani, na Mpare ni nani?"

Nilikasirika kweli, maana alikuwa amenishinda kwa vitabu. Tangu siku hiyo nikawa Bundi. Yeye alikuwa Farasi, na nilimlipizia kwa huyo farasi kadiri nilivyoweza. Pegaso huyo alizaliwa shingoni mwa Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, siku aliyokatwa kichwa. Nilimwambia kwa mama wa namna hiyo sishangai watoto wote kukimbilia mjini na kurudi Krismasi tu.

Fedha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Korintho. Upande mmoja Pegaso anaruka, mabawa yamejikunja kwa juu, na chini ya tumbo lake kuna herufi moja ya zamani inayofanana na pipi ya kijiti. Upande wa pili kuna Athena amevaa kofia ya vita. Nilishangaa kumwona mama wa bundi kwenye fedha ya Wakorintho. Mchaga akanieleza kwamba Wakorintho walisimulia kuwa Athena ndiye aliyewapa hatamu za kumfungia farasi wao, la sivyo asingekamatika. Kwa hiyo kila Mkorintho aliyetoa farasi mfukoni alikuwa amembeba na yeye.

"Unaona, Bundi," alisema. "Hata wao walishindwa kukaa bila mtani."

Alisema kwa sauti ya chini, huku anaifuta kwa pumzi yake. Nilienda kuosha vyombo.

Siku hiyo hiyo ndipo tulipokubaliana. Nyumbani msiba usio na mtani haujatimia. Mtani ndiye anayekuja kuvaa viatu vya marehemu na kumwiga anavyotembea, ndiye anayezuia jeneza mlangoni, na wafiwa, wapende wasipende, wanacheka katikati ya kilio. Mchaga alikuwa ameshaenda misiba mingi ya London, na akaniambia inamtisha. Watu wamevaa nyeusi, wanasoma karatasi, saa inatazamwa, hakuna hata mmoja anayemsema marehemu, na anaondoka duniani kama mtu ambaye hakuwahi kujulikana na yeyote. Aliogopa hilo kuliko kufa kwenyewe. Mimi vilevile. Tukapeana mikono juu ya kitambaa cheusi kwamba atakayetangulia, mwenzake atamfanyia utani wake wote, popote pale, hata wakimwita polisi.

"Na usinionee huruma," alisema. "Ukinionea huruma, wote watajua nimekufa."

Simu ilinipata kazini, katikati ya mapumziko ya chai. Ilionyesha Mchaga, maana hivyo ndivyo nilivyomhifadhi, nikaipokea kwa tusi. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mwanamke, Kiingereza kitupu, ikiuliza kama anaongea na Mr Mpare. Alikuwa binti yake. Baba yake ameanguka jikoni, amepata kiharusi, yuko hospitali, na kwenye simu yake mtu aliyempigia zaidi ya wote ni huyu Mr Mpare, ambaye yeye hakuwahi kumsikia. Sikumsahihisha. Tangu hapo hadi leo mimi kwake ni Mr Mpare.

Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, mwanamke wa makamo mwenye paji la uso la baba yake. Mchaga alikuwa amelala chali, macho yamefungwa, mdomo umevutwa upande. Kabla ya chochote binti aliniuliza mimi ni nani kwa baba yake.

"Mtani," nilisema.

"Like a friend?"

Nikasema hapana, ni zaidi ya rafiki. Akauliza kama ni binamu. Nikamwambia, kwa Kiswahili maana baba yake alishaniambia kwamba anakisikia, kwamba mtani ni mtu ambaye kazi yake ni kumsema baba yako, na baba yako kazi yake ni kunisema mimi, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia ambayo hana nia ya kuipita. Niliona kwamba hakuwa amelala, na kwamba alikuwa amekaa na swali moja tu, ambalo daktari alishindwa kumjibu: kama baba yake bado yumo ndani mle au la. Walikuwa wamemshauri aongee naye mambo aliyoyapenda. Alikuwa amemsomea gazeti lote.

Nilimwomba alete fedha ya farasi kutoka nyumbani. Hilo alilielewa mara moja, na kesho yake jioni aliileta, ameifunga kwenye kitambaa. Alidhani nataka kumshikisha baba yake mkononi. Labda ningefanya hivyo ningekuwa mtu mwenye busara.

Lakini kuna utani ambao kila Mtanzania anaujua. Ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa, unaangusha shilingi karibu na kichwa chake. Asiposhtuka, nenda kachimbe kaburi. Nimeusikia tangu nikiwa darasa la pili, na Mchaga mwenyewe alikuwa ameshaniambia kwamba kwake yeye shilingi isingetosha, lazima iwe fedha halisi. Nilisimama karibu na sikio lake. Nikasema, "Mchaga, mimi Bundi nimekuja. Nakuangushia farasi wako. Usiposhtuka, nitajua umekufa kweli." Nikaiachia.

Haikubiringika. Nilisahau kwamba si duara. Iligonga ukingo wa chuma wa kitanda, ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikaanguka sakafuni, ikatulia pale pale. Nikamtazama. Nilimtazama kwa hamu ambayo sijawahi kumtazamia mtu yeyote, kope zake, kona ya mdomo, vidole vyake juu ya shuka. Nilikuwa na hakika. Nakuambia ukweli, nilikuwa na hakika kabisa kwamba atafungua jicho moja aniulize nani atalipa ikipasuka.

Hakuna kilichotikisika. Na ndipo nikamkumbuka binti. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, na alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu Kiswahili anakielewa vizuri sana, ila hakizungumzi. Alikuwa amesubiri pamoja nami. Swali lake la siku zote hizo nilikuwa nimemjibu mimi, kwa mzaha, kwa kipande cha fedha.

"He's not dead," alisema.

Nilipiga magoti kuitafuta chini ya kitanda, kati ya nyaya na mifuko, na ilinichukua muda kwa sababu macho yangu hayakuwa yanaona vizuri. Ilikuwa nzima. Nilipoinuka aliipokea, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaniomba niondoke. Hakupaza sauti. Alisema, "Please go, Mr Mpare," kwa upole ule ule wa kanisani, na nikaenda.

Sasa hapa ndipo penye kesi, na kesi nazijua. Ningeweza kumpigia kesho yake nikasema samahani, na angeniruhusu nirudi kukaa pale. Lakini mtani haombi msamaha. Ukiomba msamaha kwa utani, umekiri kwamba lilikuwa tusi, na nikikiri hivyo basi Jumamosi zetu zote zilikuwa matusi ya wazee wawili wasio na adabu. Nilikaa na simu mkononi jioni baada ya jioni nikijitetea mbele ya mahakama isiyokuwepo. Nilishinda kila mara. Na kila mara nilibaki chumbani kwangu Edmonton, Mchaga akiwa amelala upande mwingine wa jiji bila mtu wa kumsema.

Jumamosi moja nilishindwa kukaa ndani nikaenda kwenye makumbusho makubwa katikati ya jiji, ambako kuingia ni bure, jambo ambalo Mpare halisahau. Nilizipata fedha za Wagiriki chumba cha juu. Zimepangwa nyuma ya kioo, zote zimegeuziwa upande mmoja tu, kila moja na kikaratasi chake. Nilimwona bundi. Nilimwona kasa. Farasi wa Korintho alikuwepo, mzuri kuliko wa Mchaga, mabawa yake hayajachakaa hata kidogo, lakini upande wa Athena ulikuwa umelazwa chini na hakuna namna ya kuuona. Watu walipita, wakasoma, wakapiga picha. Nikamwambia yule farasi, kwa Kiswahili, kwamba amenenepa. Mlinzi wa chumba akanitazama, nikajifanya nakohoa. Nilitamani mtu yeyote aniambie ninyamaze kwa lugha yangu. Nilikaa pale mpaka walipoanza kututoa.

Ujumbe wa binti ulikuja asubuhi moja nikiwa kwenye basi la kwenda kazini. Baba alikuwa amefariki alfajiri, kwa amani. Mwili utapelekwa Moshi, akazikwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kabla ya hapo kutakuwa na ibada hapa.

Nilimwandikia kile ambacho kila mtu wa kwetu angekiandika. "Pole sana mwanangu. Pole."

Akajibu baada ya muda. Alisema kwa Kiingereza kwamba anashukuru nimesema sorry, kwamba ilikuwa imemuumiza sana lakini amenisamehe, na kwamba nakaribishwa kwenye ibada.

Niliusoma ule ujumbe nikasimama katikati ya basi. Sikuwa nimeomba msamaha. Nilikuwa nimempa pole ya msiba. Ni Kiingereza kilichotia pole na samahani kwenye kikapu kimoja, na mtoto huyu, tangu alipokuwa akijikwaa baba yake akimwambia pole, alikuwa akisikia sorry. Damu ya Kipare ilinichemka. Nilitaka kumwandikia kwamba hukumu hiyo naikatia rufaa. Nikaanza kuandika. Halafu nikafuta, nikakaa chini, nikajifunika uso kwa kofia. Mchaga alikuwa amekufa, na mlango ulikuwa umefunguliwa kwa neno lisilo lake. Sikuwa na nguvu ya kuufunga.

Ibada ilikuwa kama alivyoiogopa. Watu nadhifu, karatasi nzuri yenye picha yake ya ujana, maua meupe. Aliyekuwa bosi wake alisema alikuwa mwaminifu. Jirani yake alisema alikuwa mkimya. Binti alisoma kwa Kiingereza kuhusu baba mpole aliyependa historia. Kila mtu alimsifu, na kwa kila sifa nilimwona Mchaga wangu anazidi kufifia, mpaka nikawa sijui ni nani aliyemo kwenye lile sanduku. Kisha vijana wa kampuni ya mazishi wakaliinua jeneza mabegani. Gari lilikuwa linangoja nje, na kutoka hapo uwanja wa ndege.

Miguu yangu haikutaka. Naisema hivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na koti la kuazima, nikatangulia mbele ya jeneza, nikafika mlangoni, nikanyoosha mikono nikaziba njia.

"Huyu hatoki," nilisema.

Vijana walisimama. Nikaendelea, maana nikinyamaza nisingeanza tena. Nikasema mmemsoma hapa saa nzima kama malaika, lakini mimi ni Mpare na huyu ni Mchaga, namjua. Huyu alibishania ndizi mpaka muuzaji akajificha stoo. Huyu aliacha uchungaji baada ya kuona sadaka hagawiwi. Huyu alikuwa na hela ambazo haziwezi kununua hata kibiriti, na bado alizificha chini ya kitanda. Nikaenda hatua chache kama yeye, kifua mbele, nikibonyeza ndizi hewani.

Hakuna aliyecheka. Wakenya waliokuwepo walinitazama kwa mshangao. Jirani yake alishika mkoba wake vizuri zaidi. Bosi wa zamani akamnong'oneza mtu. Nikarudi mlangoni nikanyoosha mikono tena, na hapo sauti ikanikatika, kwa sababu nilikuwa nasubiri. Bila kujua nilikuwa nimeacha nafasi baada ya kila neno, ile nafasi ya jibu lake. Nilikuwa nimemfanyia kila kitu tulichokubaliana, na nikajikuta namwonea huruma mbele ya watu wote, machozi yananishuka, mikono bado imenyooshwa.

Binti alikuja kutoka mbele. Watu walimpisha. Alisimama karibu nami kabisa, macho yamevimba, na nilidhani ataniomba niondoke mara ya pili. Alinitazama, akalitazama jeneza lililokuwa begani kwa watu, akavuta pumzi. Kisha akaongea Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Toka mlangoni, Mpare. Baba atakosa ndege." Akameza mate. "Na hiyo tiketi ni non-refundable."

Mzee mmoja wa nyuma, sijui ni wa wapi, akaangua kicheko. Kisha mama mmoja, kisha safu nzima, na binti mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikapisha. Wakapita naye.

Nilirudi kwa basi, nimekaa ghorofa ya juu, mbele kabisa. Nilikuwa nimechoka na nimejaa furaha ya ajabu, na kama kawaida yangu nilianza kulipanga. Nitaanza na bosi na uaminifu wake, nimwache acheke kidogo. Nitaingia mlangoni, nitamwonyesha nilivyotembea. Nitamfanya binti, yale macho, ile pumzi, na nitasubiri mpaka aweke kikombe chini ndipo nimwambie mwanao amesema nini kuhusu tiketi. Angevua miwani. Angesema damu haipotei. Nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye kioo, basi limeshaipita Wembley, nikitafuta maneno ya kuanzia Jumamosi, ndipo nikakumbuka kwamba huyo ninayemwandalia hayo yote alikuwa kwenye lile gari.